Jua Lenye Namba

Anayeishi Tukuyu hahitaji kufundishwa kwamba jua linaweza kuwapo na lisionekane. Kuanzia Machi hadi Mei mvua zetu hazijui kupumzika. Mlima Rungwe, pamoja na urefu wake wa karibu meta 2,960, hufichwa na ukungu siku nyingi mfululizo, na nguo zilizofuliwa Jumatatu bado zinaning'inia jikoni juu ya moto siku ya Alhamisi. Hata hivyo sijamsikia mama yeyote akisema jua limekufa. Husema tu kwamba leo halijatoka, kisha huendelea kumenya ndizi.

Katika kitabu kilichochapwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1658, imo sura fupi juu ya Mbingu inayosema jambo hilo hilo: jua, popote lilipo, linaangaza wakati wote, hata kama mawingu meusi yanatunyima kuliona. Juu ya maneno hayo kuna picha ndogo, na katika picha jua limeandikiwa namba. Ni juu ya namba hiyo ninayotaka kuandika, kwa sababu naamini inatufundisha jambo ambalo mahubiri mengi ya siku hizi yamelisahau.

Kitabu chenyewe kinaitwa Orbis sensualium pictus, yaani ulimwengu wa vitu vinavyoonekana, ukiwa katika picha. Mwandishi wake ni Jan Amos Comenius. Tulipokuwa chuo cha theolojia jina lake lilitajwa katika historia ya elimu ya Kikristo, tukaliandika kwenye madaftari kwa ajili ya mtihani, likaishia hapo. Lakini kwa watu wa wilaya ya Rungwe mtu huyu si mgeni. Alizaliwa mwaka 1592 katika nchi ya Moravia, akawa askofu wa mwisho wa ule Umoja wa Ndugu wa zamani kabla haujatawanywa na mateso. Wakimbizi kutoka Moravia waliofika kwenye ardhi ya Mlutheri Zinzendorf mwaka 1722 na kuanzisha Herrnhut walikuwa na kumbukumbu ya Umoja huo, na mwaka 1735 mjukuu wa Comenius, Daniel Ernst Jablonski, ndiye aliyemweka wakfu David Nitschmann kuwa askofu wa kwanza wa Umoja uliofufuliwa. Kutoka Herrnhut walikuja wamishenari waliofungua Rungwe mwaka 1891. Mwaka huo huo Walutheri wa Misheni ya Berlin waliingia nchi hii ya Konde, nasi wa KKKT Dayosisi ya Konde ni matunda ya kazi yao. Kwa hiyo nikimsoma Comenius nasoma babu wa jirani, na katika kijiji babu wa jirani naye hupewa shikamoo.

Kitabu kimepangwa hivi. Kina sura 150, na kila sura ina picha moja iliyochongwa kwenye ubao, ikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Chini ya picha kuna maelezo mafupi kwa Kilatini na Kijerumani. Kila kitu kinachotajwa katika maelezo kina namba, na namba hiyo hiyo imeandikwa ndani ya picha, ili mtoto asome neno kisha atafute kitu chenyewe kwa kidole. Humo utamkuta mwoka mikate na tanuri lake, mvuvi na wavu, fundi wa viatu, mfinyanzi, mfumaji, mchimba madini, mfuga nyuki, mkulima na ng'ombe wa kulimia. Kina chumba cha kulala, kina bafu, kina kinyozi. Mtoto wa Rungwe akionyeshwa kitabu hiki leo asingepata shida kubwa. Angeuliza tu kwa nini hakuna migomba.

Sura ya kwanza haina kitu cha kuonyesha kwa kidole. Inaitwa Mungu. Mchongaji angeweza kuchora mzee mwenye ndevu nyeupe ameketi mawinguni, kama walivyofanya wengi kabla yake, na kama zinavyofanya baadhi ya kalenda tunazotundika sebuleni. Hakufanya hivyo. Alichora mwanga wa mviringo unaotoa miale pande zote kama jua, na katikati akaweka Jina la Mungu kwa herufi za Kiebrania. Maelezo yanasema kwamba Mungu ni wa milele, ni mmoja katika asili yake, nafsi zake ni tatu, kwamba yeye ni nuru isiyokaribika, kama Paulo anavyomwandikia Timotheo (1 Tim. 6:16), kwamba yuko kila mahali na hayupo mahali popote, na kwamba ndiye chemchemi pekee ya mema yote, isiyokauka. Katika sura hiyo namba hazipo. Mtoto aliyezoea kuambiwa "tafuta namba tatu" akifika hapa hana cha kutafuta. Anatazama tu.

Halafu katika sura ya tatu, ile ya Mbingu, linakuja jua lenyewe, lile linaloanika kahawa na kuchoma shingo. Jua hili limepewa namba, na mawingu yaliyo karibu nalo yamepewa namba vilevile. Kuanzia hapo jua ni kitu kimoja kati ya vitu. Lina heshima kubwa, lakini limehesabiwa pamoja na tanuri, kiatu na ndoo ya kisimani.

Baada ya sura zaidi ya mia, Comenius anaeleza kupatwa kwa jua na mwezi. Hapo anasema kwamba jua ni chemchemi ya nuru. Neno la Kilatini alilotumia kwa jua ndilo alilotumia katika sura ya kwanza kwa Mungu, yaani chemchemi. Msomaji mwenye haraka angeweza kudhani ameteleza, akampa kiumbe sifa ya Muumba. Mimi nadhani alijua alichokuwa akifanya. Katika sura ya kwanza aliongeza kwamba chemchemi ile haikauki. Katika sura hii hakuongeza neno hilo, na badala yake anaonyesha jinsi mwezi unavyoingia kati na kutufungia nuru ya jua. Chemchemi ya pili inaweza kuzibwa na kitu kidogo kuliko yenyewe.

Wengi wetu tulishuhudia hilo tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa, Mbarali, hapa hapa mkoani Mbeya, kutazama jua likipatwa. Mwezi ulikaa mbele ya jua, ikabaki pete ya moto. Walikuja wanafunzi, wazee, wageni na waandishi wa habari. Siku zile nilisikia pia maombi ya kila namna, mengine ya kumshukuru Mungu, mengine ya kukemea, kana kwamba shetani ameweka mkono juani. Laiti yale maelezo machache ya mwaka 1658 yangesomwa redioni asubuhi ile! Yanasema dunia na mwezi ni miili isiyo na nuru, miale haipenyi ndani yake, ndiyo maana hutupa kivuli. Ni kivuli tu. Mtu aliyefunzwa hivyo tangu utotoni anaweza kuinama na kumwabudu Muumba bila kupiga kelele.

Kusema kweli, si kila alichofundisha Comenius juu ya anga kilikuwa sawa. Sura ya Mbingu inasema mbingu inazunguka na dunia imesimama katikati. Ajabu ni kwamba mwaka 1614, akiwa kijana huko Heidelberg, alinunua andiko la mkono la Copernicus mwenyewe, lile lililoliweka jua katikati. Alikuwa nalo mkononi na bado hakukubali. Wanafunzi wetu wa sekondari wanajua zaidi yake katika hilo. Lakini kujua kilichoko katikati ya anga hakumwambii mtu kilichoko katikati ya maisha, na hapo babu huyu bado ana la kusema.

Ili kuona ujasiri wa picha ile ya kwanza, ni vizuri kukumbuka nyakati zake. Wanahistoria wa sanaa huziita enzi ya Baroki, na ilikuwa enzi iliyopenda jua kupita kiasi. Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1657 na 1666, Bernini alikuwa akitengeneza katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma mwanga mkubwa wa miale ya dhahabu juu ya kiti cha Petro, na katikati yake dirisha lenye hua. Ni kazi ya kutisha kwa uzuri wake, na sitaki kuibeza. Huko Ufaransa mfalme Louis wa 14 alijichagulia jua kuwa nembo yake, likiwa na uso wa binadamu, likiangalia dunia yote iliyo chini yake. Picha zilichapwa na sarafu za ukumbusho zikatengenezwa kuwaonyesha watu kwamba mfalme ndiye jua lao. Basi kwa wakubwa wa enzi ile jua lilikuwa kitu cha kumilikiwa. Waliligandisha kwa dhahabu ukutani, au walivaa uso wake.

Comenius hakuwa na dhahabu. Alikuwa mkimbizi. Mwaka 1622 tauni ilimchukua mke wake na watoto wao wawili. Mwaka 1628 alilazimika kuiacha nchi yake akahamia Leszno, Poland, na mwaka 1656 Leszno ikateketezwa kwa moto, nyumba yake ikaungua pamoja na maandishi ya miaka mingi. Miaka miwili baadaye kitabu hiki cha watoto kinatoka, na ile sentensi juu ya jua linaloangaza daima nyuma ya mawingu imo. Alikuwa ameiandika kabla ya moto, alipokuwa akifundisha Hungaria, na baada ya moto hakuifuta. Kwangu mimi huo ndio ushahidi wake.

Tena tazama picha yenyewe ilivyotengenezwa. Katika picha ya ubao, mchongaji huondoa mbao mahali anapotaka peupe, na huacha mbao mahali anapotaka wino. Hana rangi ya njano wala ya dhahabu. Ili jua lionekane, anaacha karatasi tupu katikati, kisha analizungushia mistari myeusi. Miale ya jua, ukiikaribia, ni wino mweusi. Kinachong'aa ni mahali ambapo mchongaji hakuacha kitu. Luther alifundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hujulikana katika mateso na msalaba, akiwa amefichwa chini ya kile kinachoonekana kuwa kinyume chake. Sidai kwamba mchongaji wa Nuremberg alikuwa akiwaza hayo. Huenda aliwaza malipo yake na tumbo lake. Ila fundi na theolojia mara nyingine hukutana njiani bila kupanga.

Sasa niingie katika picha za kazi, maana hizo ndizo nyingi. Jambo lililonishangaza nilipozipitia moja moja ni kwamba katika picha nyingi za kazi jua halichorwi kabisa. Mwoka mikate anasukuma mkate tanurini, fundi anashona kiatu, mama yuko na uzi wake, na hakuna jua juu yao. Vitu vinaonekana, basi. Mtu wa leo anayetangaza biashara angeweka jua kila mahali ili kuonyesha kwamba kazi imebarikiwa. Mabango yetu mengi ya mikutano yamejaa miale nyuma ya kichwa cha mhubiri. Katika kitabu hiki fundi wa viatu hana miale nyuma ya kichwa. Ana nuru ya kutosha kuona sindano, naye anaitumia kushona.

Picha ninayoipenda kuliko zote katika kundi hili ni ya saa. Imechorwa saa ya kivuli, ambayo kijiti chake hutupa kivuli ukutani na kuonyesha saa ngapi. Imechorwa saa ya mchanga. Na imechorwa saa ya magurudumu, ambayo maelezo yanasema huhesabu hata saa za usiku. Hapo jua linatumika bila kuonekana. Halimo katika picha kama mtawala. Limo kama kivuli cha kijiti. Sisi Waswahili tunalielewa hili haraka kuliko Mjerumani. Yeye huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane, wakati hakuna kitu cha kuonekana. Sisi tunaanza jua linapochomoza, kama ilivyokuwa katika nchi ya Biblia. Tukisoma katika Marko 15 kwamba Bwana alisulubiwa saa tatu, na kwamba giza lilifunika nchi kuanzia saa sita hadi saa tisa, hatuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Tunajua saa sita jua liko utosini. Tunajua pia kwamba giza la saa sita si jambo la kawaida, na kwamba siku ile saa ya kivuli ukutani isingekuwa na la kusema.

Nimesema mahubiri mengi ya siku hizi yamesahau kitu. Nieleze. Katika mji wetu na vijijini, neno la nuru limegeuzwa kuwa bidhaa. Zamani waganga ndio waliosema nyota ya mtu imeibiwa na inahitaji kusafishwa. Leo utalisikia jambo hilo hilo kwenye kipaza sauti cha mkutano wa injili, lina maandiko mawili ya Biblia na namba ya simu ya kutuma sadaka. Mama mmoja, ambaye sitamtaja jina wala mtaa wake, alifiwa na mtoto, kisha shamba la viazi likaharibika. Aliambiwa na mtu anayejiita mtumishi kwamba jua la nyumba yake limezimwa na ndugu wa mume, na kwamba lingewashwa kwa maombi ya siku saba yenye gharama zake. Alilipa. Alipokuja kwangu hakuuliza kwa nini mtoto alikufa. Aliuliza kama sadaka aliyotoa ilikuwa ndogo.

Sikumpa hotuba juu ya Comenius, bila shaka. Nilimsikiliza, tukaomba, na wazee wa kanisa wakaenda kumsaidia shambani. Lakini nikirudi kwenye meza yangu naona kwamba ugomvi wangu na yule mtumishi ni ugomvi juu ya picha. Yeye amechora jua ambalo kila mtu ana lake, ambalo jirani anaweza kulizima na mhubiri anaweza kuliwasha. Bwana wetu alichora jingine: jua ambalo Baba huliangazia waovu na wema pamoja (Mt. 5:45). Ni moja kwa wote na ni la Baba, wala hakuna shangazi mwenye kidole kirefu cha kulifikia. Na nyuma ya jua hilo yupo Mungu mwenyewe, chemchemi isiyokauka, ambaye mwezi hauwezi kumpita mbele.

Najua kuna msomaji atakayesema kwamba mfano wa jua ni wa hatari kwetu Waafrika, kwa kuwa babu zetu wengine waliabudu jua. Shutuma hiyo imesemwa kirahisi mno. Ndugu zetu Wachaga walikuwa na neno moja, Ruwa, lililotaja jua na likamtaja Mungu, na Bruno Gutmann, mmishenari Mlutheri aliyekaa nao miaka mingi, aliyachukulia maneno na desturi zao kwa uzito mkubwa. Kanisa la Kilutheri huko Kilimanjaro halikulitupa jina la Ruwa. Watu walilipeleka kwenye sala za Kikristo. Sisi Wanyakyusa tunasema Kyala. Hakuna jina kati ya haya lililokuja kutoka Ulaya.

Na hapa ninasimama kinyume na Comenius. Ana sura juu ya dini za mataifa. Anawataja Wagiriki na Warumi na miungu yao, na Apolo akiwamo. Anasema Wamisri waliabudu chochote walichokiona kwanza asubuhi, kisha anamaliza kwa kusema Wahindi hadi leo wanamwabudu shetani. Ni sentensi moja tu, na haina picha ya mtu hata mmoja aliyewahi kuzungumza naye. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya imani yake angepaswa kuwa na subira zaidi na imani ya asiyemjua. Watoto wa Ulaya walisoma kitabu hiki kwa vizazi vingi. Toleo la Kiingereza lilitoka London mwaka 1659, mwaka mmoja tu baada ya lile la kwanza. Je, wangapi kati ya waliokuja kwetu baadaye walikuwa wamejifunza kututazama kwa sentensi za aina ile? Siku mwenye nguvu atakapokitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili, ningemshauri aiache sura hiyo ibaki, na aandike pembeni yake jibu letu.

Kuna picha moja bado. Kabla ya sura zote, kitabu kinafunguliwa kwa mwaliko. Mwalimu na mtoto wamesimama nje, nyuma yao kuna nchi pana, na juu yao jua linatoa miale. Mwalimu ameinua kidole. Anamwita mtoto aje ajifunze kuwa na hekima, na mtoto anauliza hekima ni nini. Wachungaji na walimu tunaipenda picha hii, na hapo ndipo pa kuwa waangalifu. Ni rahisi kuisoma kana kwamba nuru humshukia mwalimu kwanza, na mtoto hupata ile inayobaki. Yule anayewasha jua kwa malipo naye angefurahi kuitundika ofisini kwake.

Mwezi uliopita kamati ya ujenzi ya mtaa mmoja wa usharika wetu ilinijia na jambo linalofanana na hili. Kanisa limeezekwa, ukuta wa nyuma ya madhabahu umepigwa lipu, na vijana wamepata mchoraji. Wanataka jua likichomoza nyuma ya Mlima Rungwe, na katikati ya jua sura ya Yesu. Mzee mmoja alipinga, akasema ni ibada ya jua, akataja Kumbukumbu la Torati 4:19. Kijana mmoja akamjibu kwa Malaki 4:2, ambapo nabii anaahidi jua la haki lenye uponyaji. Wote wawili walikuwa na andiko, na wote wawili walinitazama mimi.

Niliwapa maoni yangu, wala si amri. Mlima uchorwe, maana ni wetu, na tunauona, angalau Juni na Julai. Jua lichorwe pia, lakini liwe jua tu, dogo, mahali pake, na mawingu karibu yake. Asiwepo mtu wa kufikiri kwamba Injili inahubiriwa siku za anga safi peke yake. Sura isiwekwe ndani ya jua. Louis wa Ufaransa aliweka uso wa mfalme humo, na Mwokozi wetu hakuomba kiti hicho. Alionekana akiwa seremala, akiwa mezani, akiwa msalabani. Mbele ya ukuta huo kuna msalaba wa mbao tayari. Mzee aliridhika nusu, kijana nusu. Mchoraji aliuliza kama malipo yatapungua kwa kuwa sura imeondolewa, nikamwambia hayatapungua.

Jirani zetu Wamoravian wana desturi ambayo ningeiweka karibu na picha hizi zote. Alfajiri ya Pasaka hukusanyika makaburini, kama vijana wa Herrnhut walivyofanya kwa mara ya kwanza mwaka 1732, wakakiri ufufuko mahali walipolala wafu wao. Ibada huanza kungali giza. Hapa Rungwe Pasaka huangukia ndani ya masika, na mara nyingi mapambazuko ni ukungu mtupu, miavuli na matope hadi vifundoni. Hakuna anayengoja jua litoke ndipo litangazwe kwamba Bwana amefufuka.

Comenius alikifunga kitabu chake kwa picha ile ile ya mwanzo, ikitumika mara ya pili baada ya sura ya hukumu ya mwisho. Ni mwalimu yule, mtoto yule, jua lile. Tofauti imo katika maelezo. Mwanzoni mwalimu alimwita mtoto aje. Sasa anamwambia kwamba ameona kwa ufupi vitu vyote vinavyoweza kuonyeshwa, basi aende akasome vitabu vingine vyema, amche Mungu na kumwomba ampe roho ya hekima. Mwalimu hasemi mtoto arudi kwake kuchukua nuru zaidi. Anamwaga, na jua linabaki juu yao wote wawili.

Nimepanga kuzichapa picha hizo mbili kwa ajili ya darasa la Kipaimara la mwaka huu, nizibandike ukutani bila maelezo, niwaulize watoto nani kati ya hao wawili anaangaziwa. Mwinjilisti wetu anasema watajibu "mwalimu", kwa kuwa wanajua ndilo jibu ninalotarajiwa kulipenda. Tutaona.